Pointi au Pesa Taslimu? Hesabu ya Kupandisha Ukoo Mzima Melini

Katika kumbi za mauzo za Orlando na Las Vegas, muuzaji haishii kusifu chumba. Mteja akishaonyeshwa jiko, beseni la kuogea na roshani inayotazama bwawa, huongezewa ahadi ya mwisho: pointi atakazonunua leo zinaweza kumpandisha hata meli ya kitalii, yeye na mwenziwe, watoto, na wazee pia wakipenda. Ahadi hiyo si uongo. Klabu kubwa za mapumziko nchini Marekani huruhusu kweli pointi zigeuzwe nauli ya meli. Asilolitaja muuzaji ni bei ya kuzigeuza, na hapo ndipo familia yenye watu wengi huumia kuliko familia ndogo.

Biashara yenyewe ni ya umiliki wa zamu, inayojulikana na wengi kama taimusheya. Mtu hanunui nyumba. Hununua haki ya kuitumia kwa muda fulani kila mwaka. Zamani mnunuzi alipewa wiki yake maalumu katika chumba kilekile, mwaka nenda mwaka rudi. Siku hizi klabu nyingi huuza pointi. Kila mwaka mwanachama huingiziwa pointi zake, naye huzitumia apendavyo, maana kila chumba, kila msimu na kila usiku una bei yake ya pointi.

Mfumo huu una umri mkubwa. Hapimag ya Uswisi, iliyoanzishwa mwaka 1963, ni miongoni mwa waasisi wake. Mwaka 1974 kampuni ya RCI ilianza mjini Indianapolis kazi ya kuwaunganisha wamiliki waliotaka kubadilishana wiki zao. Disney iliingia uwanjani mwaka 1991, ilipofungua huko Florida hoteli ya kwanza ya Disney Vacation Club, ambayo leo inaitwa Old Key West. Miaka saba baadaye kampuni hiyohiyo ikazindua meli yake ya kwanza ya kitalii, Disney Magic. Kwa kuwa klabu na meli zina mwenye mali mmoja, mtu angetarajia kuwa hapo ndipo pointi zingegeuka nauli kwa bei nafuu kuliko kwingine kokote. Hesabu haionyeshi hivyo.

Bei halisi ya pointi moja

Wanachama wengi husema, “Pointi tunazo, kwa hiyo safari ni ya bure.” Kauli hii ndiyo inayopoteza pesa nyingi kuliko makosa mengine yote ya wapanga safari. Pointi haikuokotwa. Ililipiwa siku ya kununua, na bado inalipiwa kila mwaka.

Kwa mujibu wa ARDA, chama cha wafanyabiashara wa sekta hii nchini Marekani, katika miaka ya karibuni mnunuzi wa kawaida amekuwa akilipa takriban dola 24,000, na ada ya matunzo imevuka dola 1,000 kwa mwaka. Ada hiyo hulipa usafi, ukarabati, kodi ya majengo na mishahara ya wafanyakazi. Hupanda karibu kila mwaka, na mwanachama hudaiwa hata kama hakusafiri.

Katika Disney Vacation Club hesabu ni rahisi kufuatilia, kwa sababu kila kitu hupimwa kwa pointi. Anayenunua moja kwa moja kutoka kwa kampuni hulipa zaidi ya dola 200 kwa pointi moja. Mikataba mipya hudumu karibu miaka 50, kisha haki yote hurudi kwa kampuni. Gawanya dola 200 kwa miaka 50, upate dola 4 kwa pointi kila mwaka. Ongeza ada ya matunzo, ambayo kwa hoteli nyingi za klabu hiyo ni kati ya dola 8 na 10 kwa pointi. Jumla inakaribia dola 13, na bado hatujagusa riba. Mikopo ya taimusheya mara nyingi hutozwa riba ya zaidi ya asilimia 10, hivyo aliyenunua kwa mkopo anabeba gharama kubwa zaidi.

Lakini hiyo ni gharama tu. Kuna bei ya pili, nayo ndiyo muhimu zaidi siku ya kuamua: pointi hiyo ingeleta kiasi gani kama isingeenda melini? Wamiliki wa Disney Vacation Club wana soko la kuzikodisha. Mtu asiye mwanachama hutaka kulala katika hoteli za klabu kwa bei iliyo chini ya ile ya mapokezi. Mwanachama humwekea nafasi kwa pointi zake, na dalali huwasimamia wote wawili. Katika miaka ya karibuni mwenye pointi amekuwa akipokea takriban dola 17 hadi 20 kwa kila pointi. Kwa hiyo anayepeleka pointi yake baharini na kupata nauli ya dola 12 au 13 hajaokoa kitu. Ameacha dola 4 au zaidi mezani, kwa kila pointi.

Nyumba huhesabu vyumba, meli huhesabu vichwa

Familia ndogo inaweza kuivumilia hasara hiyo. Familia ya watu 10 au 12 haiwezi, kwa sababu iliyojificha katika namna nyumba na meli zinavyopangiwa bei.

Nyumba za klabu hutozwa pointi kwa chumba. Nyumba kubwa ya Disney Vacation Club, yenye vyumba vitatu vya kulala, jiko kamili na mashine ya kufulia, imeruhusiwa kuchukua watu 12. Wakilala wanne au wakilala 12, idadi ya pointi kwa usiku ule haibadiliki. Ndiyo kusema kwamba kila mjukuu anayeongezeka hupunguza gharama ya kila kichwa. Pointi zilibuniwa kwa ajili ya matumizi haya, na humo ndimo zinamotoa thamani yake yote.

Meli haina utaratibu huo. Kila abiria ana nauli yake, kuanzia babu hadi mtoto mchanga. Kampuni hupanga bei kwa kudhani kwamba kila kabini ina watu wawili. Hao wawili wa kwanza hulipa nauli kamili, na wa tatu na wa nne hulipa pungufu. Anayelala peke yake mara nyingi hutozwa karibu nauli ya watu wawili. Juu ya nauli huja kodi na ada za bandari, tena kwa kila kichwa. Kisha bakshishi ya wahudumu, ambayo katika kampuni kubwa za Marekani ni takriban dola 16 hadi 20 kwa mtu kwa siku, na watoto nao kwa kawaida huhesabiwa, isipokuwa katika kampuni chache zinazowasamehe wachanga.

Klabu zinapogeuza pointi kuwa nauli, hufuata hesabu ya meli na si ya nyumba. Pointi hukatwa kwa kila abiria. Faida ya kuwa wengi, iliyofanya uanachama uonekane wa busara siku ya kuununua, huyeyuka mara tu familia inapokanyaga ngazi ya meli.

Mfano wa watu 11

Tuchukue familia ya kubuni: babu na bibi, mtoto wao wa kwanza na mwenziwe wenye watoto watatu, na wa pili na mwenziwe wenye watoto wawili. Wote ni 11. Wanataka usiku saba katika bahari ya Karibi, wakianzia Florida. Tuseme nauli ya watu wawili wa kwanza katika kila kabini ni dola 1,500 kila mmoja, na wanaofuata ni dola 800.

Kabini ya babu na bibi ni dola 3,000. Familia ya watu wanne ni dola 4,600. Familia ya watu watano, ikipata kabini ya kutosha wote, ni dola 5,400. Nauli inafika dola 13,000. Kodi na ada za bandari tuziweke dola 180 kwa kila mtu: dola 1,980. Bakshishi ya dola 16 kwa watu 11 kwa siku saba ni dola 1,232. Jumla kuu ni dola 16,212, kabla ya tiketi za ndege, vinywaji, intaneti na matembezi ya bandarini.

Sasa babu ana pointi 1,000, alizozilimbikiza kwa miaka kadhaa, na klabu inazitaka zote kwa nauli ile ya dola 13,000. Kila pointi imempa dola 13. Disney Vacation Club hutoza pia ada ya dola 95 kwa kuweka nafasi ya aina hii, na katika klabu nyingi kodi, ada za bandari na bakshishi hubaki kulipwa kwa pesa. Babu atatoa pointi zote 1,000, na bado familia italipa dola 3,307 mkononi.

Angezikodisha pointi hizohizo kwa dola 18, angepokea dola 18,000. Angelipa gharama yote ya meli, dola 16,212, na kubaki na dola 1,788. Tofauti ya njia hizi mbili ni dola 5,095. Serikali ya Marekani huyahesabu mapato ya kukodisha kuwa kipato kinachotozwa kodi, kwa hiyo tofauti halisi itapungua kidogo au sana kulingana na hali ya mlipaji. Hata hivyo ni vigumu kodi kuimeza yote.

Tarakimu za nauli zitabadilika kwa kila meli na kila msimu. Kanuni inabaki ileile: chukua nauli ya pesa taslimu ya kabini ileile, tarehe ileile, ondoa ada ya klabu, kisha gawanya kwa pointi zinazotakiwa. Jibu likiwa chini ya kiasi ambacho pointi ingeleta ikikodishwa, lipa pesa. Likiwa hata chini ya ada ya matunzo, basi familia inalipa zaidi kuliko mtu asiye mwanachama aliyepiga simu tu kwa wakala.

Ugumu wa kukodisha

Kukodisha kuna masharti, nayo huwakwaza wanaoamka wakiwa wamechelewa. Pointi zinazokaribia kuisha muda hazimvutii mpangaji, na madalali huzipangia bei ya chini au huzikataa. Wapangaji hutafuta nafasi miezi mingi mapema, kwa sababu mwanachama huweza kuweka nafasi miezi 11 kabla katika hoteli aliyonunulia pointi zake na miezi 7 kabla katika nyingine. Klabu nayo huruhusu mwanachama kukodisha mara chache kwa hali ya kibinafsi, lakini hukataza kuifanya biashara.

La muhimu zaidi, si kila pointi ina soko kama hili. Disney ni mfano wa pekee, kwa sababu hoteli zake ziko jirani na viwanja vya burudani vinavyojaa mwaka mzima. Wiki na pointi za klabu nyingi nyingine hazina mnunuzi wala mpangaji. Zipo zinazotangazwa kwenye minada ya mtandaoni kwa dola moja, mwenyewe akitaka tu kuondokana na ada ya kila mwaka. Mmiliki wa pointi za namna hiyo hawezi kuzipigia hesabu ya dola 18. Swali lake ni jingine: je, mwaka huu familia itazitumia kwa nyumba, au zitapotea?

Hapo jibu linaweza kuelekea baharini. Pointi zitakazokufa miezi mitatu ijayo, zisizoweza kukodishwa wala kuhamishiwa mwaka ujao, thamani yake inakaribia sifuri, na nauli yoyote inayopatikana kwazo ni afadhali. Vivyo hivyo kwa mzee aliyekwisha kulipa mkataba wake zamani, ambaye hana haja ya pesa za ziada na hataki usumbufu wa madalali, ila anataka wajukuu wote wakae meza moja. Anajua anapoteza kitu, na amekubali. Ubaya ni kupoteza bila kujua.

Wenye wiki badala ya pointi wana mlango mwingine. RCI na mshindani wake Interval International, aliyeanza mwaka 1976, huwaruhusu wanachama kukabidhi wiki na kupewa punguzo kwenye nauli ya meli. Wengi husikia neno kubadilishana wakadhani wiki moja ya nyumba italipa wiki moja ya meli. Sivyo. Wiki hupunguza sehemu tu ya nauli, salio hulipwa kwa pesa, na juu yake kuna ada ya kubadilisha. Mtu aliyelipa ada ya matunzo ya dola 1,200 kwa wiki hiyo, kisha akapewa punguzo la dola 500, amenunua punguzo lake kwa bei ya kuruka. Familia ya watu 11 ingekabidhi wiki nzima, ambayo ingewalaza wanane katika nyumba ya vyumba viwili, na punguzo hilo lisitoshe hata bakshishi.

Wapo pia wasioruhusiwa kabisa. Mtu aliyenunua pointi za Disney kutoka kwa mwanachama mwingine, badala ya kampuni, tangu tarehe 21 Machi 2011 hawezi kuzitumia kwa meli. Alizipata kwa bei ya chini sana, anaweza kulala hotelini kama kawaida, lakini mlango wa meli umefungwa. Katika mabanda ya mauzo sharti hili hutumiwa kumshawishi mteja anunue kwa kampuni kwa bei kamili. Baada ya kuona hesabu ya hapo juu, mnunuzi anaweza kujiuliza kama haki ya kutumia pointi vibaya inastahili kulipiwa maelfu ya dola zaidi.

Pesa taslimu ina sauti

Kuna faida za pesa ambazo hazionekani kwenye jedwali la pointi. Anayelipa pesa anaweza kumtumia wakala wa safari, na mawakala wengi humrudishia mteja sehemu ya kamisheni yao kama salio la kutumia ndani ya meli. Nauli ikishuka kabla ya siku ya malipo ya mwisho, ambayo kwa kawaida ni miezi miwili hadi minne kabla ya safari, anaweza kuomba bei mpya. Aliyelipa kwa pointi mara nyingi hana nafasi hiyo, wala haingii kwenye ofa za msimu.

Ukoo mkubwa zaidi una silaha nyingine. Kampuni nyingi za meli huanza kuhesabu kundi kuanzia kabini nane, yaani watu 16. Kundi huweza kufungiwa bei mapema, kupewa marupurupu, na katika baadhi ya kampuni nauli ya mtu mmoja kati ya hao 16 husamehewa. Shangazi, mabinamu na majirani wawili wakijiunga na familia yetu ya watu 11, idadi hiyo iko karibu. Kabini zilizochukuliwa kwa pointi za klabu kwa kawaida huwa nje ya mpango huo.

Kisha kuna bima. Bima nyingi za safari hurudisha pesa iliyopotea mtu anapougua na kufuta safari. Pointi hazirudishwi kwa namna hiyo. Zaidi sana mteja atarudishiwa ada ya kuzirejesha akauntini. Na pointi zilizorejeshwa zinaweza kuwa zimebakiza wiki chache za uhai. Katika safari ya watu 11, wenye umri wa mwaka mmoja hadi miaka 75, uwezekano wa mmoja kuugua si mdogo.

Kabini, boti na pasipoti

Kabla ya kuamua njia ya kulipa, familia inapaswa kujua kama itatosha melini. Kabini za kawaida huchukua watu wawili hadi wanne. Za watu watano zipo chache, na huisha kwanza. Familia ya watu watano katika mfano wetu ikizikosa, italazimika kuchukua kabini mbili: moja ya watu watatu kwa dola 3,800 na nyingine ya wawili kwa dola 3,000. Zile dola 5,400 zimekuwa 6,800. Kwa pointi ongezeko hilo huja vilevile, maana abiria wawili waliokuwa wakilipa pungufu sasa huhesabiwa miongoni mwa wawili wa kwanza wa kabini, na hutozwa nauli kamili.

Kwa upande mwingine wa mizani ziko meli mpya zilizojengwa kwa kuzifikiria familia. Icon of the Seas ya Royal Caribbean, iliyoanza safari zake Miami Januari 2024, ina nyumba ya ghorofa tatu ndani ya meli, yenye mtelezo wa kuteremkia kutoka ghorofa hadi ghorofa, inayolaza watu wanane. Bei yake ni ya kutisha, na familia nyingi hupata nafuu kwa kuchukua kabini mbili zenye mlango wa kupitia katikati.

Kuna kikwazo ambacho wengi hawakijui. Meli hairuhusiwi kubeba watu zaidi ya uwezo wa boti zake za kuokolea, na kila eneo la meli lina boti zake. Kwa hiyo katika likizo za shule, wakati watoto ni wengi, nafasi za abiria wa tatu na wa nne huweza kwisha hali kabini bado zipo. Mtandao utaonyesha kabini tupu kwa watu wawili na kukataa wanne. Dawa ni kuwahi, na kuwahi ni rahisi kwa anayelipa amana ya pesa kuliko kwa anayesubiri pointi za mwaka ujao ziingie.

Umri nao una sheria. Kampuni nyingi hazipokei mtoto wa chini ya miezi sita, na safari za kuvuka bahari kuu hutaka awe na mwaka mmoja. Katika meli zinazotoka Marekani, vijana wa chini ya miaka 21 kwa kawaida hutakiwa kuwa na mtu mzima kabini au katika kabini ya jirani.

Nyaraka za safari nazo zina sheria, na jambo hili linawahusu kwa karibu wasomaji wenye ndugu Marekani, hasa Texas na Minnesota, wanaowaalika wazazi kutoka Mombasa, Arusha au Bukavu. Meli ikitoka Miami na kugusa Bahamas au Mexico, abiria ametoka Marekani na atahitaji kuingia tena. Raia wa Marekani anaweza kuruhusiwa kwa cheti cha kuzaliwa na kitambulisho katika safari zinazoanza na kuishia bandari ileile. Mama aliyekuja kwa viza ya kuingia mara moja hana ruhusa hiyo. Viza yake, na masharti ya kila nchi itakayoguswa, vikaguliwe kabla ya dola au pointi ya kwanza kutolewa.

Nchi kavu kwa pointi, majini kwa pesa

Familia zinazofaidi uanachama wao kwa kawaida hazichagui njia moja kwa safari nzima. Huzigawa. Bandari ya Port Canaveral, zinakotokea meli nyingi za Florida, iko mwendo wa saa moja hivi kwa gari kutoka hoteli za Disney za Orlando. Watu 11 wanaweza kufika siku mbili tatu mapema, wakalala pamoja katika nyumba moja ya vyumba vitatu kwa pointi, wakapika wenyewe, kisha wakapanda meli kwa nauli waliyolipa taslimu. Katika hoteli ya kawaida usiku huohuo ungehitaji vyumba vitatu au vinne. Kufika mapema kuna faida nyingine pia: ndege ikichelewa, meli haimsubiri mtu.

Mpango huu unahitaji kalenda. Nyumba za watu 12 ni chache katika kila hoteli, kwa hiyo mwanachama hupiga simu asubuhi ile dirisha la miezi 11 linapofunguliwa. Kama pointi za mwaka mmoja hazitoshi, Disney Vacation Club humruhusu kuhamisha za mwaka huu kwenda mwaka ujao, na kukopa za mwaka unaofuata, hivyo akakusanya za miaka mitatu kwa safari moja. Kuhamisha kuna mwisho wake: lazima kufanyike ndani ya miezi minane ya kwanza ya mwaka wa mwanachama. Zilizokopwa kwa kawaida hazirudi zilikotoka hata safari ikivunjika.

Na kwa yule ambaye bado yumo ndani ya ukumbi wa mauzo, kalamu mkononi, sheria imemwachia mwanya. Florida humpa mnunuzi siku 10 za kuvunja mkataba bila adhabu, California siku 7, Nevada siku 5. Siku hizo zinatosha kuomba bei ya taslimu ya meli aliyoahidiwa, kuuliza klabu inataka pointi ngapi kwa kila abiria, na kuketi na ndugu kupiga hesabu kabla barua ya kuvunja mkataba haijapitwa na wakati.